Utomvu Kwenye Shati

Sokoni Magwagwa hakuna mtu aliyegusa ndizi za nyanya yangu.

"Onja tu, mama, ni tamu," alimwambia mteja wetu wa siku zote. Yule mama alimfunika mtoto wake uso kwa leso, akapita.

Nyanya akacheka. "Basi tutakula wenyewe mpaka tunenepe."

Mimi sikucheka. Tangu mtoto wa jirani afe, kijijini walikuwa wakimwita nyanya mchawi, kwanza kwa kunong'ona, siku hizi kwa sauti.

Ndipo Ogoti akafika na pikipiki. Yeye ni mtoto wa mke mwenza wa nyanya. Vijana wake wameota ndevu na hawana mahali pa kujenga, maana shamba lao limegawanywa mpaka likaisha. La nyanya ndilo bado zima.

"Mama, twende nyumbani," alisema kwa upole. "Watu wako kwako wanakungoja. Wanataka maneno mawili tu."

"Na ndizi zangu?"

"Si huyu msichana atauza."

Niliangalia shati lake. Lilijaa utomvu wa mgomba kutoka kifuani hadi mkononi, bado unanata. Kwake Ogoti hana mgomba hata mmoja, ni majani chai mpaka mlangoni. Alikuwa ameshaanza kufyeka migomba ya nyanya, kama mtu anayejua mwenyewe hataishi kuiona.

Nyanya alikuwa tayari ameinua mguu apande. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, nikamvuta.

"Wewe, mwachilie," Ogoti alisema, na sasa hakukuwa na upole.