Simu ya Fundi

Fundi alikuwa akiidondoshea mashine yake mafuta simu ilipoanza kutetemeka mezani. Akaiacha iite mara tatu, mara nne. Kisha akafuta vidole kwenye kitambaa, akakohoa kusafisha koo, akapokea.

"Fundi! Afadhali umeshika." Alikuwa nesi wa zahanati ya ng'ambo ya vilima, mteja wa miaka. "Hii pikipiki inataka kuniulia mtu."

Mama mmoja alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na nesi ndiye pekee aliyeweza kufika. Sasa alikuwa katikati ya kilima, jua la saa nane utosini, mkoba wa kazi mgongoni.

"Imechemka, ukiitemea mate yanaruka. Na mlio umeingia wazimu. Nikiachia mkono inanguruma yenyewe kama inataka kupaa, mara inashuka, mara inazima kabisa."

Fundi alivaa miwani, akavuta daftari lililojaa madoa ya grisi, akaanza kupekua.

"Upo?"

"Nipo. Izime kwanza, iweke kivulini ipoe. Usije ukaimwagia maji, chuma kitapasuka."

"Kivuli chenyewe kilichopo huku ni changu mimi, fundi."

"Basi iazime."

Nesi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekaribia kulia. Hakukata simu. Wakasubiri pamoja, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake.

Fundi alikuwa na neno la kumwambia. Kila simu ilipoita alijiapiza kwamba safari hii atalisema, na kila safari mtu wa upande wa pili alikuwa na haraka. Miezi mitano nyuma simu hii haikuwa ikipumzika. Ilikuwa ikiita hadi wakati wa chakula. Sasa wateja walikuwa wamehamia kwa fundi wa kona ya pili, na ikiita mara moja kwa wiki ni bahati. Hata hivyo aliichaji kila asubuhi kabla hajanywa chai. Siku nyingine hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya kumwita tangu kulipokucha.

"Imepoa," nesi akasema. "Oili nimeangalia, ipo. Matope kwenye mapezi ya kupoozea injini nimekwangua yote."

"Vizuri. Chini ya kiti kuna spana ya plagi. Ifungue, uniambie ncha yake ina rangi gani."

Ikasikika milio ya chuma, guno, tusi dogo ambalo nesi hakukusudia lisikike.

"Nyeupe. Nyeupe kama chaki."

Fundi akateremsha kidole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, hadi kikasimama.

"Nyeupe ni hewa nyingi, petroli kidogo," akasema. "Injini yako inavuta hewa ya wizi. Ndiyo maana inachemka, na ndiyo maana mlio hautulii. Ugonjwa ni mmoja."

"Siku hizi unaongea polepole, fundi. Umezeeka ghafla?"

"Mafua tu. Sasa tafuta mpira mnene unaounganisha kabureta na injini. Ubinye, ukunje, utazame mpaka chini."

Mpira ukasikika ukikunjwa. Halafu: "Una ufa! Upande wa chini, umeachama kama mdomo. Fundi, mpira mpya nitaupata wapi huku? Yule mama atanifia!"

"Tulia, mwa... tulia, dada. Tulia."

Akafunua ukurasa uliofuata. Mwandishi wa daftari alisema badilisha mpira, basi. Fundi akalifunga daftari. Kushika pamoja kitu kilichoachana, hilo hakuhitaji kulisoma popote.

"Una plasta ile ya kitambaa?"

"Mimi ni nesi, fundi."

"Futa mafuta yote kwa spiriti, kausha vizuri. Anza kufunga kabla ya ufa, umalizie baada yake. Vuta wakati unazungusha, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliopita. Usiache mkunjo, mkunjo ndio utakaofumuka. Zungusha mara nne au tano, halafu rudisha plagi."

Alingoja, akiwa ameibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Upande wa pili kiki ilipigwa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikapanda juu, ikayumba. Fundi akafumba macho. Ikashuka taratibu, ikatulia: tu-tu-tu-tu, kama moyo wa mtu aliyelala.

"Unaisikia?" nesi alipiga kelele.

"Naisikia. Nenda, usiikaze sana mlimani. Ukimaliza, nipigie."

Hakufanya kazi tena mchana ule. Alikaa na simu magotini, akiitazama. Jua lilikuwa limefika ukingo wa mlango ilipoita, na safari hii hakungoja hata mara moja.

"Wa kike," nesi akasema, sauti imechoka na imejaa furaha. "Amelia kuliko pikipiki yangu. Mama yake mzima. Plasta haijafumuka hata kidogo."

"Ahsante kwa kunipigia."

"Ahsante mimi nipewe? Ni yako wewe! Ningekuwa karibu ningekukumbatia."

Fundi alivuta pumzi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Haya, betri inaisha, fundi. Nisalimie baba yako, yule mzee wa cherehani mlango wa pili. Mwambie gauni alilonishonea bado nalivaa."

"Zimefika," akajibu mzee, akaiweka simu ya marehemu mwanawe kando ya cherehani.