Miche Iliyofungwa Kanga

Zamda, mtafiti wa mimea, alipotoka hospitali alikuta feni ya banda imezimwa. Mama yake, ambaye Zamda alimwachia miche ya mtama aitunze, alikuwa ameufunga kila mmoja kwenye kijiti kwa kipande cha kanga.

"Feni yako ilikuwa inawapiga hawa watoto," mama alisema. "Wanayumba mpaka nikawaonea huruma."

Zamda akakaa chini kando ya miche. Ujana wake wote alitafuta mtama usioangushwa na mvua, na hakuwa na mbegu nyingine. Bua likitikiswa na upepo, hata wa feni, kuta za seli zake hunenepa. Likidekezwa, hubaki laini.

"Mama, kuyumba ndiko kulikokuwa kunawapa mifupa."

"Basi tuwaache na vijiti vyao."

"Shambani nani atawafunga?"

Zamda akafungua kanga ya kwanza, mche ukalala. Akafungua nyingine, nao ukalala. Akaendelea hivyo hivyo, mama amegeuza uso, hadi ukabaki mmoja. Akawasha feni, akalegeza fundo, kanga ikaanguka. Vidole vyake vikabaki vimelizunguka bua, tayari kulidaka, bila kuligusa.