Anwani ya Nne

Mtengeneza tovuti alifungua ukurasa wa makao ya wanawake waliokimbia vipigo, akachungulia msimbo wa programu uliofika kwenye kivinjari. Chai ikampalia.

Kumbe lile faili alilojipigia kifua nalo, kwamba linafanya kazi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, na kwenye kivinjari cha msomaji vilevile, lilikuwa likishuka zima zima kwa kila aliyefungua ukurasa. Ndani yake zimo anwani za nyumba zote za siri, ambazo hazikupaswa kutoka kwenye seva. Wiki tatu nzima!

Anwani ya nne ndiko alikomficha mdogo wake.

Alimpigia simu.

Ilipokelewa upesi.

“Shikamoo, shemeji,” sauti ya kiume ilisema kwa adabu zote. “Mdogo wako hawezi kuongea.”