Viganja Viwili

Siku ya saba tangu tuoteshe seli za mfuko mmoja wa damu ya kitovu cha mtoto mchanga, mashine ya maabara, inayopima uhai wa seli kwa mwanga wake, ilisema hazikui. Daktari akataka mfuko ule utupwe, ingawa hakukuwa na mwingine uliomfaa binti wa wodi ya tatu, aliyesubiri kupandikizwa seli hizo. Fundi wetu mkuu, tuliyemwita Bibi Darubini, aliomba wiki moja zaidi. Yeye huziotesha seli kwenye kisahani, kisha huhesabu kwa macho vishada vya seli zilizoota. Vikifika arobaini, damu itatumika.

Asubuhi ile wiki ilitimia, nami, mwanafunzi wake, nilifika nimechelewa.

"Haya, msomi, kaa," aliniambia. "Mimi nimeshahesabu. Andika kiganjani, usinionyeshe."

Niliinamia darubini. Pembezoni mwa kisahani, vishada vyekundu, vidogo kama mayai ya dagaa, vilikuwa vimekumbatiana. Nilihesabu mara mbili, nikaandika kwenye glavu.

"Fungua."

Tulifungua viganja pamoja. Changu, arobaini na tatu. Chake, arobaini na mbili.

"Kumbe zilichelewa kuamka tu," alisema. "Kama wewe."

Nje ya kioo alisimama mama wa binti, akizisoma nyuso zetu.

"Nenda kamwambie. Na usikimbie koridoni."

Nilikimbia.