Baba wa Kiplimo

"Baba ya mtoto asimame," Mzee Johana alisema, "ama mtoto arudi kwa benchi."

Maji ya ubatizo yalikuwa tayari kwenye beseni. Cherotich alikuwa mbele ya kanisa, amempakata Kiplimo, na hakuna aliyesimama pamoja naye.

Rodah aliukaza mkono juu ya mkongojo wake. Alikuwa benchi ya mlangoni, upande wa wanaume, alikoketi kila Jumapili. Watu walisema ni kwa sababu ya mguu, naye aliwaacha waseme.

"Huyu mtoto ako na baba kweli?" Johana aliuliza.

"Ako naye," Cherotich alijibu.

"Ni nani? Ama ni ile lori ya majani chai?"

Kanisa likacheka. Karibu na spika, Kipkirui, dereva wa lori hiyo, aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza viatu vyake.

Rodah hakucheka. Tangu amzike mumewe, Kipyegon, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Boma lisilo na mtoto wa kiume huzibwa lango kwa miiba, na shamba huenda kwa mashemeji. Kiplimo peke yake ndiye aliyeliacha lango lake wazi. Cherotich akimtaja Kipkirui, mtoto angebebwa hadi Kedowa, kwao Kipkirui, na miiba ingekatwa.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Kamati ya Johana ilikuwa imepiga marufuku ndoa za kimila, hata ile ya mjane kuoa msichana ili boma lipate mtoto. Yeyote aliyeoa kwa segutiet, ile nyasi ambayo bwana humfunga bibi harusi mkononi, alitengwa na Meza ya Bwana. Mzee mmoja wa Chepseon alitengwa hivyo hadi akafa, akazikwa bila wimbo. Rodah alikuwa kwenye mazishi hayo. Hakusikia kitu ila udongo ukianguka juu ya mbao.

Ndiyo maana hakuna aliyesimama.

Kwa maoni ya Rodah, aliyeleta haya yote ni Nelvine, mhubiri mgeni kutoka Kabianga. Asubuhi hiyo alikuwa amehubiri juu ya Hajiri, mjakazi wa Sara. Aliwasimulia akina mama habari za wanawake weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, na za wanawake wa Kilatino wanaosugua sakafu za watu huko huko. Walifungua Biblia mikono ingali inanuka sabuni, alisema, wakamwona Hajiri kabla ya kumwona Abrahamu.

"Nyinyi mikono yenu inanuka majani chai," Nelvine aliwaambia. "Someni nayo. Hajiri alitumwa azae, na hakuna aliyemuuliza. Lakini ni yeye aliyempa Mungu jina."

Akina mama waliitikia amina ya chini chini. Rodah alitazama sakafu. Katika hadithi hiyo alijijua yeye ni nani. Ni yeye aliyekwenda kwa kina Cherotich kumtafuta msichana. Ni boma lake lililotaka mtoto. Na kama Sara, hakuuliza.

Sasa Nelvine alisogea karibu na beseni. "Mzee, tumuulize mwenyewe. Cherotich, leo hakuna atakayekusemea. Baba wa mtoto wako umtaje wewe."

"Mama Mhubiri, unaharibu hawa wasichana," Johana alisema. "Kesho watataja chifu."

"Wakimtaja, atasimama."

Hapo hakuna aliyecheka. Mvua ilianza kugonga mabati. Kipkirui alitupia mlango jicho, kama mtu anayepima umbali. Rodah alijaribu kuomba, akakosa la kuomba. Cherotich akitaja jina moja, boma lingekwisha. Akitaja jingine, kuna mtu angezikwa bila wimbo.

Cherotich alimhamishia mtoto bega la kushoto. Akauinua mkono wa kulia, ule uliofungwa segutiet, akaunyosha upande wa wanaume. Vichwa vyote vikamgeukia Kipkirui.

Mkono ukampita. Ukaenda taratibu hadi benchi ya mlangoni, ukatulia hapo.

Rodah aliegemea mkongojo wake, akainuka.

"Baba ya mtoto amesimama," alisema. "Segutiet niliifunga mimi."