Fimbo ya Baba Mkwe

Mzee Filbert hakufoka. Aliinama, akaokota chini ya meza vipande viwili vya joistiki, fimbo ya kurushia ndege kwenye kompyuta, akavilaza juu ya kitambaa na kuvitazama kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Nilikuwa nakaribia kutua Mwanza."

Athanas alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amepita tu asubuhi ile kushusha kreti za soda za washenga wake, waliokuwa waje saa kumi jioni kulipa mahari ya Violeth, binti wa mzee. Mzee, kwa kumpenda, akampisha kwenye kompyuta naye aonje kurusha ndege. Akamwambia vuta kidogo. Sasa Athanas na kidogo wapi na wapi? Akavuta kama anang'oa muhogo, fimbo ikakatika shingoni.

"Nisamehe, baba. Nitaleta nyingine."

"Utaleta leo."

Miaka thelathini Mzee Filbert alipakia mizigo kwenye ndege za watu pale uwanjani, na hakuwahi kupanda hata moja. Alipostaafu ndipo akaanza kuruka, kwa kompyuta, kila siku baada ya chai. Huo ndio uliokuwa utamu wa uzee wake.

"Washenga nawakaribisha," akasema. "Ila fimbo iwatangulie. Bila fimbo, watakunywa soda na kuondoka na mahari yao."

Akamtajia sifa za fimbo anayoitaka. Kitako kizito, kisiteleze mezani. Shingo izunguke kulia na kushoto, maana hana pedeli za miguuni. Na pembeni iwe na pa kupunguzia mwendo wakati wa kutua.

"Wala usininunulie ya bei mbaya," akaongeza. "Watasema nimeanza kukuchuna mapema."

"Ondoa shaka, baba. Kariakoo hakuna kinachokosekana."

Na alikuwa na haki ya kutamba, Kariakoo ni kwake. Ana fremu ya duka Mtaa wa Aggrey, anauza chaja na kava za simu, na mdomo wake unajulikana hadi mitaa ya Gerezani. Siku hiyo fremu alimwachia mdogo wake Sitara, yeye akaingia mitaani kununua.

Kumbe kuwa mteja ni kazi. Duka la kwanza walimpa ile ya kushika kwa mikono miwili.

"Hii si ya kuchezea mpira?" akauliza.

"Hata ndege inarusha, kaka. Inategemea na wewe mwenyewe."

Duka la pili wakamshushia usukani wa gari. La tatu fimbo ilikuwepo, ila nyepesi, ukiivuta inanyanyuka na kitako chake, na shingo imekaza haigeuki. La nne akaikuta yenyewe, imekamilika kila kitu, laki nne na nusu. Aliishika, akaipapasa, akairudisha taratibu. Mfukoni alikuwa na laki moja na nusu. Nyingine zote zilikuwa kwenye bahasha ya mahari.

Saa nane akatokea dukani kwa Alpesh, Mtaa wa Uhuru.

"Ipo," Alpesh akasema bila kuinua macho. "Laki na arobaini. Iko stoo. Acha hamsini, kaa hapo, dakika mbili."

Mtu wa Kariakoo anajua stoo maana yake nini. Alpesh hana fimbo. Anamtuma winga wake, kijana wa kumtafutia bidhaa, akaichukue duka lingine, na huko wakiwa hawana nao wanatuma kwingine, kila mmoja anaongeza cha juu chake kwenye bei. Kumwambia mteja "hakuna" ni kufukuza riziki, hata Sitara alifundishwa hivyo siku ya kwanza. Kwa hiyo Athanas hakukwazika. Mradi fimbo ifike. Akatoa elfu hamsini, winga akazirudiarudia sifa za fimbo mdomoni asizisahau, akachomoka. Athanas akaletewa soda na kiti.

Saa nane na nusu ikapita. Saa tisa ikagonga. Violeth akapiga simu.

"Umeipata? Baba kakaa mbele ya kompyuta, hata hajaiwasha. Mimi naogopa."

"Iko njiani, mama. Tulia."

Yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Miaka mitatu amembembeleza binti yule mpaka akakubali, leo amkose kwa kipande cha plastiki? Alitoka mlangoni, akachungulia mtaa juu na chini, akarudi kukaa.

Saa tisa na dakika ishirini Alpesh akapokea simu, akasikiliza, akaikata.

"Imepatikana," akasema. "Wanayo mtaa wa pili tu hapo, wanaitoa stoo."

Athanas akashusha pumzi ndefu. Alikuwa anafuta jasho simu yake ilipoita. Sitara.

"Kaka, kuna dada hapa katumwa na duka moja la Mtaa wa Likoma. Mteja wao anataka fimbo ya kuchezea ndege kwenye kompyuta. Kitako kizito, shingo izunguke, na ana haraka kweli kweli. Ameacha elfu kumi ya kuanzia. Nimemwambia ipo, iko stoo. Bei nimpe ngapi?"

Athanas akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Umefanya la maana, mdogo wangu. Mwambie laki na sitini, haipungui."

Akakata simu, akamsogelea Alpesh, akasema kwa sauti ya chini, ya mfanyabiashara kwa mwenzake.

"Bosi, mwambie winga wako azilete mbili. Ya pili nishaiuza."