Sauti ya Mazoezi

Sheria inasema mama aliyetoa mtoto alelewe na wengine hazungumzi naye mpaka afanye mazoezi ya kuzungumza miezi sita. Kwa hiyo mshauri wa ustawi wa jamii, Bwana Kilasara, aliniletea kisanduku chenye sauti iliyotungwa kutoka kwenye faili la binti yangu, akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Kila asubuhi kiliniamkia, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Nilikishuku tangu siku ya kwanza. Mtoto gani aliyetolewa na mama yake asiulize kwa nini?

Jana, miezi sita ilipotimia, Kilasara alinijulisha kwamba amekizima kutoka ofisini, na kwamba leo saa nne binti mwenyewe, Debora, atanipigia.

Simu ikaita.

"Wewe ndiye Mwantumu?" Hakuniamkia.

"Ni mimi. Nitajuaje kama ni wewe kweli?"

"Hata mimi sijui kama ni wewe. Mama wa mazoezi niliyepewa alikuwa analia kila nikimsalimia. Wewe hulii."

"Alikwambia kwa nini nilikutoa?"

"Alisema ulinipenda mno. Sikumwamini."

Nikakaa kitini. Jambo hili hata Kilasara sikumwambia. "Nilikuwa na miaka kumi na saba," nikasema, "na sikukutaka."

Debora akaangua kilio. Nikamsikia anapenga kamasi, na hapo nikajua ni mwanangu.

Juu ya kabati, kisanduku kilichozimwa kikasema taratibu, "Mama, mbona mimi hukuniambia?"